Alama za Arlette Suggs

Kila Januari wakili wa yadi yetu ya kuuza magari alikuja kutufunda. Msimuulize mteja rangi yake, dini yake, wala kama ana mume au hana, alisema. Hayo yatatufikisha mahakamani. Ulizeni alama zake za mkopo, zile namba za kuonyesha mtu hulipaje madeni, mkishazipata mtozeni kadiri zinavyoruhusu. "Namba haina rangi," alimalizia, nasi tukacheka, maana mji mzima wa Dayton unajua namba ndogo zinaishi mitaa gani, ya watu wa rangi gani.

Mimi nilikuwa mtu wa karatasi. Muuzaji akishakubaliana bei na mteja, humleta mezani kwangu asaini. Mwenye alama mia saba kwenda juu nilimpa kahawa na riba ya asilimia sita. Aliye chini ya mia sita alipata ishirini na mbili, malipo ya kila wiki, na kidude kilichofichwa chini ya usukani cha kulizima gari akichelewa kulipa. Kahawa hapewi. Hilo la kahawa nililianzisha mwenyewe, na siku zile sikuona aibu.

Arlette Suggs alikuja Jumamosi moja ya Machi kutaka gari dogo la kijivu. Alikuwa amesomea uuguzi miaka minne huku akifagia ofisi za watu, na sasa amepata kazi katika hospitali ya mji jirani wa Xenia, kuanza Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi. Basi la kumfikisha kule saa hiyo hakuna. Hiyo Jumatatu alinitajia mara tatu. Katika kazi yangu, mteja akikutajia siku, amekukabidhi kisu na kukuonyesha shingo.

Nikavuta ripoti yake ya madeni. Mia tano ishirini na sita. Kilichomwangusha ni kadi ya mkopo ya duka la nguo, haijalipwa miaka miwili, iliyofunguliwa mwaka 1979. Leseni yake mbele yangu ilisema amezaliwa 1984. Nilielewa palepale. Mama yake, aliyekufa miaka miwili nyuma kama alivyokuwa amenisimulia, alikuwa na jina hilohilo na nyumba hiyohiyo, na deni la marehemu limemwangukia binti kwa uzembe wa karani fulani. Nilichotakiwa ni kunyoosha kidole tu.

Nikaenda kumwambia bosi, mzee Kessinger. Akauliza kama mteja ameuliza chochote. Nikasema hapana.

"Basi na wewe usijifanye mjomba wake," akasema.

Sheria inataka anayetozwa zaidi kwa sababu ya alama apewe karatasi ya kumwambia hivyo, na pa kulalamika kama kuna kosa. Tulimpa. Sisi tulikuwa watu wa sheria. Niliichomeka katikati ya nyingine arobaini, nikaziwekea kiganja zote na kumwonyesha mstari wa kusaini tu.

Meza ya pili walikaa bibi na bwana mmoja wa makamo, wananunua gari kama hilohilo. Arlette aliwasikia.

"Wale mmewapa sita," akaniambia. "Hii ni halali kweli, kaka?"

"Halali kabisa, dada. Wao wana alama."

"Mimi sijawahi kukopa hata dola mia. Nimekosa nini?"

"Ndiyo hivyo. Asiyekopa hajulikani."

Akacheka kidogo, cheko la mtu aliyetukanwa na hana pa kwenda, akasaini.

Agosti hospitali ilichelewesha mishahara siku nne. Siku ya tatu kidude kikafanya kazi yake, gari likagoma kuwaka mbele ya nyumba yake. Akakosa zamu mbili, naye alikuwa bado kwenye miezi ya majaribio. Wakamfukuza. Alipokosa kazi akapata muda wa kusoma karatasi zake, na akaja na ile ya alama mkononi, pamoja na nakala ya ripoti aliyoiomba.

"Ulikuwa umeona mwaka wa kadi hii?" akaniuliza.

"Niliuona."

"Ukanyamaza."

"Ulipewa karatasi, dada. Si kazi yangu kukusomea."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliilaza ripoti mezani kwangu, akaweka kidole juu ya ule mwaka hadi mimi ndiye niliyeinamisha macho.

Aliandika malalamiko, na sheria ikawapa watu wa kampuni inayotunza ripoti hizo siku thelathini za kuchunguza. Walichunguza, wakakiri, wakaliondoa deni la mama yake. Lakini siku ya ishirini na moja sisi tulikuwa tumetuma watu wakalivuta gari kwa kutolipwa, na hilo nalo likaandikwa kwenye ripoti.

Novemba alipata kazi nyingine, mbali zaidi. Yadi zote zilimkataa, akarudi kwetu, maana sisi hatukumkataa mtu. Nikavuta ripoti. Marehemu hakuwemo tena. Alama mia nne tisini na nane, na kila deni lilikuwa lake mwenyewe. Nikamwekea riba ya asilimia ishirini na nne.

Safari hii alisoma kila mstari, saa mbili nzima, akitafuta kosa. Halikuwepo. Akaniomba kalamu.