Skrubu ya Nane

Skrubu saba zilikuwa zimelala ndani ya kopo la maziwa. Iliyobaki ilikuwa moja tu, ya chini kabisa, na ndiyo iliyowasimamisha watu wote hapo juani.

"Haitoki hiyo," alisema Peterson, mnunuzi wa vyuma chakavu, akichezea kamba mkononi. Pikapu yake ilikuwa imeegeshwa hatua tano kutoka bandani, mlango wa nyuma wazi. "Mimi na mzee tulikuwa tushapatana. Wewe ndiye uliyeingia kati na mdomo wako."

Ni kweli, Kache aliingia kati. Asubuhi ile alipomwona Mzee Mwambire akiisukuma pikipiki yake kwenda kuipakia, roho ilimruka. Pikipiki yenyewe ilimzidi Kache umri, na kwa miaka thelathini Mzee Mwambire aliipanda kwenda kazini kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni. Sasa kiki yake ya kuwashia ilikuwa inazunguka bila kushika. Ugonjwa ulikuwa nyuma ya kifuniko cha injini, upande wa kulia, na kifuniko kile hakikuwa na mwenziwe katika duka lolote. Kikipasuka, basi tena.

"Niachie mpaka adhuhuri, baba," Kache alimwambia. "Nikikivunja, nitaipakia kwa mikono yangu."

Banda lake la ufundi lilikuwa na siku nne. Jina lake la ufundi lilikuwa na siku hizo hizo nne.

Fundi Haroun, mwenye gereji ng'ambo ya barabara tangu Kache akivaa sare ya shule ya msingi, alikuwa amevuka kuja kutazama. Alisimama mikono nyuma, kofia imekaa sawasawa kichwani.

"Patasi, mwanangu," alisema. "Iweke ukingoni mwa skrubu, uipige kwa pembeni. Itazunguka."

"Au kifuniko kipasuke, ami."

"Au kipasuke," Haroun akakubali. "Ndiyo kazi yetu."

Mzee Mwambire alikuwa akitikisa kichwa. "Mimi hata sielewi. Pikipiki hii naiosha kila jioni. Kila jioni! Hakuna aliyetunza chombo kama mimi."

Kache akainua uso. "Mwaiosha kwa maji gani, baba?"

"Ya kisimani kwangu."

Kicheko kilipasuka mpaka madereva wa bodaboda waliokuja kutazama wakashikana mabega. Maji ya visima vya upande ule, ukipikia wali, huna haja ya kutia chumvi.

"Mzee umeikausha kama papa!" mmoja akapiga kelele. "Bado kuianika tu!"

Kache hakucheka. Kichwa chake kiliwaka. Chumvi! Kumbe asubuhi nzima alidhani anapigana na kutu, na kilichomkwamisha ni ganda la chumvi, limejijenga mwaka baada ya mwaka kati ya skrubu ya chuma na alumini ya kifuniko. Ganda la namna hiyo ukilivuta kwa nguvu, kinachokatika ni skrubu. Lazima kwanza livunjwe huko huko ndani.

"Harusi! Nipe moto!"

Harusi alikuwa akikaanga mahamri banda la pili. "Mahamri yangu yataungua," alisema, huku keshaliondoa karai mekoni. "Haya, chomeka!"

Kache akachomeka kipande cha nondo katikati ya makaa ya makumbi ya nazi. Mafuta ya injini alikwisha kuyamwaga na tangi la petroli alikwisha kulivua, limekaa mbali kivulini. Nondo ilipokuwa nyekundu aliishika kwa koleo, akakimbia nayo, akaikandamiza juu ya kichwa cha skrubu. Moshi ukafuka. Akahesabu hadi thelathini, akaitupa nondo mchangani, akagusisha mshumaa. Nta ikayeyuka, ikazunguka ukingo wa skrubu, kisha ikatoweka.

"Imekunywa!" Kache alipaza sauti. "Mmeona? Imeinywa nta!"

Akachukua ile bisibisi nene ambayo ukiipiga nyundo kisogoni hujizungusha yenyewe. Njia ya zamani ya skrubu ilikuwa imelika, lakini alikwisha kuichonga mpya kwa msumeno wa chuma. Akageuza pete ya bisibisi, akaitia pale.

Haroun akaruka. "We mtoto! Huo ni upande wa kukaza!"

"Najua, ami."

"Anakaza! Jamani, huyu anakaza!"

"Mnyang'anyeni nyundo!"

Peterson alicheka, akaifungua kamba yake. Mzee Mwambire akajifunika uso kwa viganja.

Kache akapiga. Kimya. Akapiga tena. Kimya. Mara ya tatu akapiga kwa nguvu zote, na kiwiko chake kikasikia kabla ya sikio: *tk*. Kitu kidogo mno, kama gando la kaa likivunjika: ganda la chumvi limeachia.

Akageuza pete upande wa kufungua. Nyundo moja. Skrubu ikasogea.

"Inakuja!" Harusi alirukaruka, mwiko mkononi. "Inakuja, inakuja!"

Ilikuja robo, ikakwama. Kache akairudisha ndani kidogo, akaitoa, akairudisha, akaitoa. Unga mweupe ukaanza kumwagika ukingoni. Hapo hakuna aliyecheka. Hata Peterson alikuwa amechuchumaa. Nusu. Mzunguko mzima. Kisha Kache akaitupa bisibisi na kuimalizia kwa vidole, na skrubu ya nane ikatoka nzima, imetafunwa kila mahali lakini nzima.

Akagonga kifuniko taratibu kwa nyundo ya mti. Kikaachia. Banda lilitetemeka kwa vigelegele vya Harusi na honi za bodaboda. Mzee Mwambire alikipokea kifuniko kwa mikono miwili, akakipapasa kila upande akitafuta ufa. Hakuupata. Akakipapasa tena.

Kache alikuwa amekwisha kuingiza kichwa ndani ya injini. "Ni hii! Springi ya kiki. Imekatika. Hii tu!"

Haroun aliinama, akavichukua vipande vyake viwili, akavitazama kwa jicho moja. "Hii," alisema. "Springi hii ninayo! Iko rafuni kwangu tangu zamani, nimekosa wa kumpa!"

"Kweli, ami?"

Haroun alikuwa amekunja kikoi magotini na kuvua ndara. Peterson akarukia pikapu yake kuiondoa njiani, kwani Fundi Haroun, ambaye Gongoni nzima haijawahi kumwona akiharakisha, alikuwa anavuka barabara mbio.