Idhini ya Shomari

Mwanne binti Shomari alipotimiza miaka ishirini na nne alikuwa mkunga katika zahanati ya makazi ya wakimbizi Ulyankulu, na alikuwa amekubali kuolewa na Omari, dereva wa lori la maji. Posa ilipelekwa kwa baba yake mkubwa, Mzee Mabruki, fundi viatu wa Tabora mjini. Mzee Mabruki aliwapokea washenga vizuri, akawapa kahawa, kisha akawaambia kwamba yeye hawezi kumwozesha binti huyo.

"Baba yake yu hai," alisema. "Nikisimama mahali pake nitakuwa nimemzika."

Baba huyo, Shomari, aliondoka Tabora Mwanne akiwa hajaanza shule, akaenda Unguja kuchuma karafuu kama walivyokwenda vijana wengi wa Unyamwezi enzi hizo. Alituma nguo mara moja. Baadaye Tanganyika ikapata uhuru, Unguja ikafanya mapinduzi, na habari zake zikakatika. Mama yake Mwanne, Bi Zamda, alisubiri mpaka jamaa zake walipochoka kumwona akisubiri, wakampeleka kwa kadhi, ndoa ikavunjwa. Aliolewa na Lukumani, fundi baiskeli. Ndipo mtu mmoja aliyekuwa kuli bandarini Unguja akarudi nyumbani na salamu: Shomari yupo, hajambo, anawasalimu wote.

Mwanne aliomba likizo, akapata kibali cha kuingia visiwani, akapanda treni. Ilikuwa mwaka 1975. Njia nzima watu walizungumza habari za vijiji vipya na uhaba wa unga. Alifika Dar es Salaam nguo zimejaa vumbi la Dodoma, akalala kwa mwenzake aliyesoma naye ukunga, kesho yake akapanda meli.

Ndani ya meli mlikuwa na Wazungu kama kumi, wamevaa kofia za ukili. Waliposhuka Unguja, bandari ya Malindi, walipokelewa na mtu wa serikali, wakatembezwa sokoni na kwenye maduka ya Darajani, wakapigwa picha mbele ya mlango wenye misumari ya shaba. Mwanne aliwaona tena mchana wamekaa kwenye mabegi yao kando ya barabara, wakiuliza gari la ufukweni litafika lini. Mji ule kwao ulikuwa mahali pa kungojea gari.

Yeye alikwenda mtaa wa Ng'ambo, kwa Bi Batuli aliyetajwa na yule kuli, mwanamke wa asili ya Tabora aliyekuwa akipika mandazi ya kuuza. Bi Batuli alimkagua usoni kabla hata ya kuitikia salamu.

"Marahaba, mwanangu. Pua hiyo ya Shomari. Umekuja kumtafuta?"

"Ndiyo, bibi. Yuko hapa mjini?"

"Alikuwepo. Sasa yuko shamba, nje ya mji, upande wa mashariki, kwenye zile nyumba za serikali za wageni. Anafagia pwani."

"Pwani inafagiliwa?"

"Wageni hawapendi mwani," alisema Bi Batuli. "Gari lao litatoka kesho asubuhi, na dereva atakuchukua. Ni mkwe wangu."

Kwa hiyo asubuhi Mwanne alikaa kiti cha mbele, Wazungu wakiwa nyuma, wakapita katikati ya mikarafuu, kisha minazi, kisha mawe matupu na vichaka. Mwisho wa barabara palikuwa na nyumba ndogo nyeupe zilizoezekwa makuti, na bahari iliyokuwa imekupwa mbali sana. Mwanamume mwembamba mwenye mvi alikuwa akikokota mwani kwa reki.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Hakuinua kichwa. "Mapokezi ya wageni ni pale kwenye bendera."

"Mimi ni Mwanne. Nimetoka Tabora."

Mzee aliacha reki. Alimtazama, akatazama nyuma yake kama anayetafuta waliokuja naye.

"Mwanne wa Zamda?"

"Ndiyo."

Alimpeleka kwenye kivuli cha jiko, akamletea maji ya dafu. Aliuliza habari za kaka yake. Aliuliza habari za shamba la mama yake mwenyewe kule Kwihara, akaambiwa watu wamehamia kijijini na shamba sasa linalimwa na kijiji. Alitikisa kichwa. Mwisho akauliza, "Na mama yako?"

"Mzima. Aliolewa."

"Na nani?"

"Mzee Lukumani, wa baiskeli."

Shomari alisimama. "Lukumani? Yule kijana aliyekuwa akiziba pancha kwa Mhindi? Mimi nikiwa hai?"

"Kadhi alivunja ndoa. Ulikaa kimya, baba."

"Kukaa kimya si kufa!"

Mpishi alichungulia dirishani. Mwanne alikuwa amepanga maneno tangu kwenye treni, ya heshima, yenye utangulizi mrefu, na sasa aliona hayana kazi. Alieleza kwa kifupi kilichomleta: Omari, posa, baba mkubwa aliyekataa.

"Basi mwambie Lukumani akuozeshe," alisema Shomari. "Si ndiye mwenye nyumba?"

"Baba wa kambo hawezi kuniozesha. Unajua hivyo." Kisha akaongeza, "Amenilea vizuri. Hilo nalo ulijue. Gari linarudi alasiri, nitalingoja hapa."

Shomari alirudi kwenye mwani wake. Mwanne alikaa. Mzungu mmoja alimwashiria amletee kiti, akidhani ni mfanyakazi, naye akamletea, kwa kuwa kiti kilikuwa karibu. Maji yalianza kurudi kidogo kidogo. Alimtazama baba yake akivuta reki, akimwaga mwani, akivuta tena, na akagundua kwamba hasira aliyodhani ataisikia haikuja. Alimwona kama alivyowaona wagonjwa: mgongo unamuuma, goti la kushoto halikunjiki vizuri.

Adhuhuri mzee alikuja na sahani ya wali na pweza, akaiweka kati yao. Walikula.

"Huyo Omari anaswali?"

"Akikumbuka."

Shomari alicheka, mara akaacha, kama aliyekatazwa. "Sikuwa na mke mwingine huku," alisema. "Watu watasema nilikuwa naye. Nilikuwa nataka kurudi na kitu mkononi. Mwaka ukapita, na mwingine. Baadaye hata kuandika niliona haya."

"Twende basi. Njoo uniozeshe mwenyewe."

"Nipite sokoni Tabora, Lukumani ananitazama? Hapana."

Lakini alasiri Shomari alivaa shati safi akapanda gari pamoja naye. Mjini alimpeleka kwa sheikh jirani wa Bi Batuli, na mbele ya mashahidi akatamka kwamba amemfanya kaka yake Mabruki kuwa wakili wake, amwozeshe Mwanne kwa Omari. Sheikh aliyaandika. Kesho yake Shomari alimsindikiza bandarini, akamkabidhi kikapu cha karafuu, akaondoka kabla meli haijang'oa nanga, kwa sababu gari la wageni lilikuwa linamngoja.

Ndoa ilifungwa mwezi uliofuata. Mzee Mabruki aliozesha kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Miaka miwili baadaye Shomari alishuka stesheni ya Tabora bila kumwarifu mtu. Lukumani alikuwa pale akipokea mzigo wa matairi. Walitazamana. Lukumani akatoa shikamoo, kwa kuwa Shomari alikuwa mkubwa kwake, akachukua begi lake, akalifunga nyuma ya baiskeli. Wakaenda kwa miguu mpaka kwa Mzee Mabruki, wakizungumza bei ya matairi.

Bi Zamda alipika, akatuma chakula, hakwenda mwenyewe. Shomari alikaa mpaka mfungo wa Ramadhani ulipoisha, akambeba mjukuu wake, akamkosoa Omari namna anavyoendesha. Kisha akarudi kisiwani. Alisema wageni wameongezeka, na hakuna mwingine anayejua kazi.