Fundo la Mashoto

Paek alikuwa na mdomo usiotulia. Tangu asubuhi, akiwa amelala chini ya trolibasi kuukuu, basi la kuvuta umeme kwenye nyaya za juu, katika uwanja wa nyuma wa kiwanda, alikuwa akiitukana bolti moja baada ya nyingine kwa majina ya shemeji zake. Ghafla akanyamaza.

Cha Sunbok, mkuu wa karakana ya kusuka nyaya za mota, alikuwa amesimama kando akipuliza vidole kwa baridi. Akainama.

"Vipi Paek, umeganda huko?"

"Dada Cha, njoo uone mwenyewe. Mimi sijaona kitu."

Amri ilikuwa imeshuka majuzi: kutokana na mabasi matatu mafu litengenezwe moja zima, liingie barabara za Pyongyang kabla ya sikukuu ya Februari, siku aliyozaliwa kiongozi. Kiwanda kile cha serikali kiliwahi kutoa mabasi ya umeme kama mwokaji anavyotoa mikate. Sunbok aliingia hapo akiwa msichana, wakati mabati ya ubavuni yakinyooshwa kwa nyundo za mkono. Aliyaona mabasi yakirefushwa, yakiungwa mawili kuwa moja kwa mkunjo wa katikati, yakibadilishwa sura na rangi. Kisha umeme ukawa wa kubahatisha, mgao wa chakula ukapungua, na watu wakaanza kufa bila kelele. Mabasi yakavutwa uwanjani, theluji ikayafunika.

Basi hili alilijua vizuri. Mota yake aliisuka yeye na rafiki yake Ma Pongnyo, wote wawili hawajaolewa, wakichekeana mpaka msimamizi akawatenganisha meza.

Sasa ndani ya mota hiyo hapakuwa na shaba. Mahali pa koili, zile nyaya za shaba zilizosukwa, palishindiliwa vifuko vya gunia vilivyojaa mchanga, ili atakayeinyanyua asihisi wepesi. Vilifungwa kwa uzi wa karakana, kwa fundo la karakana, lile alilowafundisha wasichana wote. Ila hili lilizungushwa kwa kushoto.

Sunbok akaligusa kwa kidole. Katika karakana nzima mtu mmoja tu alifunga hivyo: Ryonhui, mke wa mwanawe. Tangu utotoni walimchapa mpaka akajua kula na kuandika kwa mkono wa kulia kama watu wengine, lakini kwenye uzi mkono wa kushoto ulikuwa ukitangulia wenyewe.

"Tufunike," alimwambia Paek kwa sauti ya chini.

"Tufunike vipi? Yule pale anakuja."

Hyon, ofisa wa usalama wa kiwanda, alikuwa ameshatoka mlangoni, mikono mgongoni. Alikuwa mtu mpole wa kusema, na upole wake ndio uliowatisha watu. Alichuchumaa, akatoa kifuko kimoja, akakigeuzageuza.

"Hili fundo ni la kwenu, Ndugu Cha?"

"Ni la kwetu."

"Na la huyu limegeuka." Akalikazia macho. "Shaba ya taifa imevuka mto wa mpakani, imeuzwa kwa wageni. Aliyefanya hivi mwaka jana kwenye kiwanda cha jirani, unajua alikoishia."

Sunbok alijua. Walipelekwa wote kutazama akipigwa risasi.

"Kesho asubuhi," akasema Hyon, "wanawake wako wote waje kwangu. Kila mmoja atanifungia fundo moja tu."

Sunbok alitembea kwenda nyumbani kabla jua halijazama, akijilazimisha asikimbie. Aliwakuta Ryonhui na mtoto wake Unbyol wamejifunika blanketi moja, maana moto wa kupasha sakafu kwa chini haukuwa umewashwa tangu mwaka mpya. Mwanawe, baba wa mtoto, alikuwa amepelekwa migodini kaskazini, na habari zake zilikuwa zimekatika. Akamtuma mtoto kwa jirani. Mlango ulipofungwa, hakuzungusha maneno.

"Mama Unbyol, ile shaba."

Ryonhui hakukana. Alitazama mikono yake.

"Mtoto alikuwa haamki, mama. Nilimwita, hafumbui macho."

"Ukaniambia mahindi yametoka kwa mjomba wako shamba."

"Ningekuambia kweli, ungekula?"

Sunbok akaitazama sufuria. Alikuwa amekula. Alikumbuka jinsi alivyokomba sufuria kwa kidole, akamsifu mjomba huyo asiyemjua. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema. Na yeye alikuwa amelishwa na kile kile kilichokuja kumla.

"Nani mwingine anajua?"

"Aliyenunua hajui hata jina langu."

Sunbok akavuta uzi mfukoni. "Funga. Kwa kulia."

Ryonhui akafunga. Fundo likalegea. Akarudia. Mara ya tatu, kabla hajajitambua, uzi ulikuwa umehamia mkono wa kushoto na kidole kimeshauzungusha. Wote wawili wakakitazama kidole kile kama nyoka aliyeingia ndani.

Usiku Unbyol alirudishwa, akalala; kukapambazuka. Maji ya uji yalipochemka, Sunbok akaiteremsha sufuria, akakaa nayo mbele, akiutazama mkono wa kushoto wa mkwewe. Ryonhui ndiye aliyejikunjia mkono wa nguo, akautandaza mkono wa kushoto juu ya beseni, akageuza uso ukutani.

"Fanya upesi, mama. Mtoto ataamka."

Sunbok akamimina.

Ofisini kwa Hyon wanawake walipangwa ukutani, nyuso zimekauka kwa njaa na baridi. Mezani palikuwa na kifuko cha mchanga na kipande cha uzi. Mmoja mmoja alijongea, akafunga, akarudi. Yote kulia. Ryonhui alipofika, alikuwa amefungwa kitambaa mkononi, na jasho lilimtiririka ingawa chumba kilikuwa baridi.

"Mkono umefanya nini?"

"Uji, Ndugu Hyon. Nimeteleza nao."

"Fungua."

Kitambaa kikatoka na ngozi. Mwanamke mmoja ukutani akafumba macho. Hyon akauinamia mkono.

"Kidonda kibichi hiki."

"Cha leo asubuhi."

"Leo asubuhi." Alitamka kama anayeonja chumvi. "Basi funga kwa huo mzima."

Ryonhui akafunga, uzi akiushikiza kwa meno. Fundo likatoka bovu, lakini lilielekea kulia. Hyon hakulitazama hata kidogo. Alikuwa amemgeukia Sunbok.

"Ndugu Cha. Hawa umewafundisha wewe. Nani kati yao ni mashoto?"

Wanawake wakatazama sakafu. Hapakuwa na mwanamke asiyejua. Walikuwa wamekaa na Ryonhui meza moja miaka na miaka, viwiko vyao vikigongana na kiwiko chake. Neno moja la mtu mmoja, na huenda huyo angeongezewa mgao wa mahindi.

Sunbok akasikia sauti yake ikitoka.

"Alikuwapo mmoja. Ma Pongnyo."

"Yuko wapi?"

"Alifariki Novemba."

"Mume? Watoto?"

"Hakuwa na mtu."

Pongnyo hakuwa mashoto. Alikufa kitandani mwake baada ya kuwapa wengine sehemu ya mgao wake, Ryonhui akiwa mmoja wao. Hyon akamsogelea mwanamke wa kwanza ukutani, karibu sana.

"Ni kweli? Marehemu alitumia kushoto?"

Yule mwanamke akameza mate. "Ni kweli."

Akaenda kwa wa pili. "Ni kweli, ndugu. Alikuwa mashoto." Wa tatu akaitikia kwa kichwa. Wa mwisho alikuwa Tok-hwa, aliyeiosha maiti ya Pongnyo kwa mikono yake. Alimtazama Sunbok, si Hyon.

"Nakuuliza wewe."

"Kama mkuu wa karakana amesema," akajibu Tok-hwa, "mimi niseme nini?"

Hyon alisimama katikati ya chumba, akikitazama kitambaa chenye damu sakafuni. Hakuna ajuaye alichokifikiri. Pengine alihitaji jina tu, na jina la maiti halimlizi mtu. Akakaa, akaandika, akawaambia warudi kazini.

Jioni ile jina la Ma Pongnyo lilisomwa mbele ya wafanyakazi wote kuwa ni mwizi na msaliti. Picha yake ikang'olewa kwenye ukuta wa wafanyakazi bora. Sunbok alipiga makofi pamoja na wengine, maana asiyepiga makofi huonekana.

Basi likamalizika siku mbili kabla ya sikukuu. Walitoa shaba kwenye yale mawili mengine, wakaisuka upya kwa vidole vilivyopasuka, Paek akipaka rangi juu ya kutu. Lilipotoka langoni likielekea stesheni, watu walilipungia. Tok-hwa aliomba kuhamishwa karakana. Hakumsalimia Sunbok tena, hata walipokutana ngazini.

Vidole viwili vya Ryonhui viligandana visinyooke. Alijifunza kusuka kwa kulia, na baada ya Sunbok kustaafu, yeye ndiye aliyeshika ukuu wa karakana. Mabasi mapya yakaja, marefu, yenye vioo vipana na mota ambazo hazihitaji mikono mingi. Unbyol alikua, akawa dereva.

Miaka mingi baadaye, wakwe hao wawili walikuwa wamekaa kiti kimoja ndani ya basi linalopanda kilima, na Ryonhui akauliza jambo ambalo hawakuwahi kuligusa.

"Mama, Pongnyo angekuwa na watoto, ungemtaja?"

Sunbok alitazama dirishani.

"Ningetafuta jina lingine."

"La nani?"

"Usiniulize."

Basi likatikisika, likasimama. Mikono ya chuma ya paani, ile inayovuta umeme, ilikuwa imechomoka kwenye nyaya. Dereva akateremka na kuanza kuivuta kwa kamba ili airudishe, na abiria, waliokuwa wamezoea, wakaketi kimya wakingoja.