Koti la Bwana Mulei

Jumanne saa nne asubuhi, Nthiwa wa Kasikeu alifika mara ya saba kwenye ofisi moja ya vyeti mjini Kitui. Mkewe Kaluki alifia hospitalini mwezi wa pili. Cheti kilipotoka, marehemu aliandikwa Nthiwa, na Kaluki akaandikwa mjane. Mzee alitaka jambo moja tu: mkewe apumzike kwa jina lake.

Bwana Mulei, mwenye meza, hakuwepo. Alitumwa Singapore, kisha Estonia, kisha Rwanda, akalinganishe jinsi watumishi wa umma wa huko wanavyofanya kazi. Kiti chake kilibaki kimevishwa koti lake.

"Ako karibu," Bilha wa meza ya pili alisema, macho kwenye simu. "Koti si unaliona, mzee?"

Nthiwa akalieleza koti shida yake. Mkono wa kushoto ukafungua droo, ukatoa faili. Wa kulia ukachukua kalamu. Baada ya dakika nne Kaluki alikuwa amekufa kwa mwandiko ulionyooka, muhuri umepigwa. Mama aliyekuwa nyuma akamwomba mzee asogee, naye ana shida zake.

Kufikia Ijumaa koti lilikuwa limemaliza mafaili ya miaka miwili. Halikwenda chai. Halikumuuliza mtu amebeba nini.

Tembea uone, walisema wahenga. Mulei alitembea, akaona, akarudi na ripoti ya kurasa mia mbili: huko nje barua hujibiwa siku hiyo hiyo, na yafaa aende tena kuhakikisha. Halafu akavaa koti na kufuta vyeti vyote vilivyotolewa yeye hayuko, kwa sababu koti halina shahada wala halikufanyiwa mahojiano.

Nthiwa aliitwa arudishe chake. Alikuja nacho ndani ya shati, akaketi. Mulei akamweleza kwa upole habari za utaratibu. Mzee hakufika darasa la tano, lakini alisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekuelewa, mwanangu," alisema. "Sasa vua koti nihudumiwe."

Mkono wa kulia wa koti ukanyooka wenyewe kuelekea kalamu. Mulei akaushika kwa ule mwingine, akaubana kifuani, akaita anayefuata.

Nthiwa hakuinuka. Cheti hakukitoa. Nyuma yake, kwenye foleni, hakuna aliyesogea.

Kwenye kitabu cha serikali Kaluki yu hai mpaka leo, na ni mjane.