Sikio la Kulia

Mbuzi siwapendi, na sitajifanya. Nimejenga nyumba nzuri Mabela, nje ya Maskati, vigae kutoka mlangoni hadi jikoni, halafu nyuma yake mama yangu akafuga mbuzi. Nikirudi kazini Qurum na viatu vyangu vya ofisini, kitu cha kwanza kunilaki ni harufu ya beberu.

Lakini mama ni mama. Mahbuba binti Saeed ni mpole kwa kila mtu, isipokuwa anayemwingilia masikio ya mbuzi wake. Kitoto kikizaliwa hukikata mwenyewe kwa wembe: ncha ya sikio la kulia, na kipengo kimoja chini yake. Hicho ndicho kitu pekee alichobaki nacho kutoka kwa mama yake mzazi, mwanamke wa Kisukuma, mfugaji wa ng'ombe. Babu Saeed alikuwa na duka huko Usukumani. Alipohama alimchukua binti yake mdogo akampeleka Unguja kwa ndugu zake, na mama mtu akabaki na ng'ombe wake. Hakuna aliyemwambia Mama jina la kijiji. Alikumbuka zizi, ndama, wembe, na sikio.

Ndiyo maana Mama hasemi "kwetu". Unguja ni "kwa baba", Maskati ni "kwa mume wangu, Mungu amrehemu", na Mabela, pamoja na vigae vyangu vyote, ni "kwa Rahila". Wake wa kaka zake wa baba mmoja wakimtania kwamba kuukeni, upande wa mama, hana mtu, hucheka nao, kisha huenda zizini akakaa sana. Namwonea huruma hadi nakasirika.

Basi kila mtu wa bara anayefika nyumbani hupelekwa kwa mbuzi kabla ya kupewa chai. Wapishi, wauguzi, hata dereva mmoja aliyekuja kuuliza njia tu. Wote walitazama masikio, wakasifu mbuzi, wakanywa chai yao wakaenda zao.

Mwaka 2006 akaja Violeth, anayefanya kazi nyumba ya jirani, kuomba ndimu. Akapelekwa. Akaliinamia sikio, akaligeuza, akasahau ndimu.

"Bibi, alama hii naijua. Kwetu Usukumani, Meatu, kuna ukoo unakata hivi hivi. Ila wao wanakata la kushoto. La kulia, hapana."

"Labda umesahau," nikasema.

"Dada Rahila, mimi nimechunga. Ng'ombe akipotea unamtafuta kwa sikio. Ukikosea sikio, umeiba."

Violeth alipouona uso wa Mama, akampigia kaka yake Simoni, anayeuza chumvi ya mifugo mnadani. Watu wa ukoo ule huleta ng'ombe hapo, Simoni akaahidi kuwauliza.

Siku ya mnada Violeth alikuwa nasi simu yake ilipoita. Simoni alikuwa amempata mwanamke mzee aitwaye Nyanzobe, naye anataka kusema na huyo bibi wa Uarabuni. Violeth akaipaza sauti ili sote tusikie. Upande wa pili wa simu ng'ombe walikuwa wanalia.

"Watu wengi wanatafuta undugu wakisikia kuna ng'ombe," Nyanzobe akasema, sauti kavu. "Wewe unakata sikio gani?"

Jibu tulikuwa nalo, Violeth alishatupa. Nikamshika Mama mkono, nikamnong'oneza, "Sema la kushoto. Nakuomba, Mama, sema la kushoto."

Akautoa mkono wangu. "Simzulii mama yangu. Nilimwona kwa macho yangu." Kisha akaisogelea simu. "La kulia, bibie. Kama si lenu, mnisamehe. Ndilo nnalolijua."

Nikaanza kutafuta maneno ya kumliwaza Mama, na kumchukia bure yule mwanamke.

"La kushoto ni la kaya nzima," Nyanzobe akasema, taratibu sasa. "La kulia, mama alimkata ndama mmoja tu. Asubuhi ile mtoto wake anachukuliwa na baba yake, alimkatia ndama wake, asije akachanganyika na wa wengine. Mimi nilizaliwa baadaye, kwa mume mwingine. Mama alipokuwa anakufa alituambia, wazao wa ndama yule msiwauze, msiwachinje, mwenyewe atakuja. Mpaka leo tunawakata la kulia, na kwa kuwa hawauzwi, nje ya kaya hawajulikani."

Violeth alikuwa amejifunika uso kwa khanga. Mimi sikuwa na cha kujifunikia, nikalia hivyo hivyo.

"Dada," Nyanzobe akaendelea, "umechelewa sana wewe! Ng'ombe wako wanatumalizia majani. Wanangu wamechoka kukuchungia!"

Mama alicheka huku machozi yakimtiririka. Akaichukua simu kwa mikono miwili, akaibana kifuani, akanigeukia.

"Rahila," akasema, "nna ng'ombe kwetu."