Mzizi wa Mama Kasiani

Dorika alikuwa akikatakata mizizi uani kwa Mama Kasiani, mkunga wa kijiji kimoja kando ya barabara ya kuingilia Newala, pikapu ya mnunuzi wa korosho ilipoacha njia ikaja moja kwa moja hadi mlangoni. Nyuma, juu ya magunia matupu, alilazwa mwanamke aliyekuwa akipiga kelele bila kupumzika.

Dorika alikuwa mtafiti wa chuo kikuu Dar es Salaam, mzaliwa wa Ndanda. Kazi yake ilikuwa homoni, zile kemikali ambazo mwili huzituma katika damu kuuambia moyo uende mbio, sukari ishuke, mfuko wa uzazi ubane. Maabara alikuwa ameona tone moja la maji ya mzizi huu likikifanya kipande cha mfuko wa uzazi wa panya kijikunje ndani ya chupa, sawasawa na homoni ya uchungu. Tena homoni ya hospitali huharibika kwa joto, na zahanati nyingi za huku hazikuwa na jokofu. Mzizi ulikaushwa juani, ukachemshwa, bado ukafanya kazi. Kama angelijua umbo la kitu kilichomo ndani yake, angeweza kuunda dawa ya kuzuia damu kwa akina mama wanaojifungulia mbali. Ndivyo Mama Kasiani alivyoutumia miaka yote: mtoto akishatoka na kondo likishatoka. Kabla ya hapo, hata kuuonja hakuruhusu.

Wiki tatu nyuma Dorika, akiwa na kikapu cha mizizi ya Mama Kasiani, alikwenda kununua spiriti ya kuilowekea kwa Halfani, mwenye duka la dawa baridi, zile zisizohitaji cheti cha daktari, sokoni. Mwaka ule wa 1993 maduka ya namna hiyo yalikuwa mapya. Ruksa ya biashara huria ilikuwa imekuja na kila mwenye mtaji alifungua lake. Halfani aliuliza mizizi ile ni ya nini. Tangu afike Newala hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza Dorika habari za kazi yake, akafurahi.

"Inafanya kazi ya ile sindano ya kuongeza uchungu," alisema.

"Ile ile?"

"Ile ile. Pengine inaishinda."

Halfani akaugeuzageuza mzizi mmoja mkononi, kisha akageukia mteja mwingine. Dorika akaondoka bila kusema yaliyobaki, kwamba ni baada ya kondo kutoka tu.

Sasa kijana aitwaye Mujibu aliruka kutoka kwenye pikapu, mkononi ana vikaratasi vitatu vya dawa vilivyokunjuliwa. Mwanamke yule alikuwa mkewe, Shakila. Kwenye usukani alikuwa kaka wa Mujibu, Bwanali.

"Mama, dawa yako hii! Tumempa tangu alfajiri, mtoto hatoki. Maliza ulichokianza!"

"Dawa gani? Mimi sijakupa dawa."

Mujibu akamsukumizia karatasi usoni. Dorika aliisoma. Iliandikwa kwa muhuri wa duka la Halfani: Uchungu Upesi, Mzizi wa Mama Kasiani.

Mama Kasiani alikwishapanda garini. Tumbo la Shakila lilikuwa gumu kama jiwe, wala halikulegea hata mara moja. Dorika alipoinama kumshika mabega, Shakila alimkamata nywele akamgonga kichwa kwenye bodi ya gari, mara ya kwanza, mara ya pili, akilia kwamba wamuue tu. Ghafla akamwachia. Akanyamaza.

"Uchungu umeacha," alisema Bwanali, akashusha pumzi.

Mama Kasiani alipapasa tumbo. Lilikuwa limebadilika sura. Kichwa cha mtoto kilikuwa palepale chini ya ngozi, mahali ambapo hakikupaswa kuwa.

"Mfuko umepasuka," alisema Dorika. "Hospitali! Endesha!"

Bwanali alizungusha ufunguo. Kabla gari halijafika barabarani midomo ya Shakila ilikuwa myeupe, na damu ilikuwa ikidondoka mchangani kupitia upenyo wa mbao. Mama Kasiani akapiga bodi kwa kiganja. Gari likasimama. Mkunga akamfunika marehemu kwa kanga yake mwenyewe, akashuka polepole.

Mujibu hakulia. Alirudi uani, akaliokota panga la Dorika la kukatia mizizi, akawarudia.

"Nani alisema mzizi huu unaleta uchungu?"

Dorika alikuwa na jibu. Akarudi nyuma hadi kwenye bodi ya gari.

Mujibu alimvamia Mama Kasiani. Mama akainua mkono wa kulia kukinga kichwa, panga likapita juu kidogo ya kifundo, mkono ukabaki unaning'inia kwa ngozi. Pigo la pili lilitua begani.

"Ni mimi!" Dorika alipiga kelele. "Mimi ndiye niliyemwambia Halfani! Yeye ndiye aliyeiuza!"

Mujibu alimtazama. Kisha akachukua baiskeli iliyoegemezwa ukutani, panga mkononi, akashika njia ya mjini.

Dorika na Bwanali walihangaika kuufunga mkono wa mkunga mpaka damu ikapungua, wakampakia kando ya maiti. Njia ya hospitali ilipita sokoni. Pale watu, waliokwisha kusimuliwa na Mujibu, walikuwa wameziba barabara. Chupa za duka zilikuwa zimepondwa, vidonge vimetapakaa topeni, na Halfani alikuwa chini, taya limevunjwa, watu wakimpiga kwa mawe na michi. Alimwona Dorika nyuma ya gari.

"Daktari!" aliita, maneno yakitoka na damu. "Waambie! Wewe ndiye uliyesema!"

Vichwa viligeuka. Dorika aliinamisha macho akambana mkunga kifuani.

"Endesha," alimwambia Bwanali.

Halfani alikufa kabla polisi hawajafika. Mujibu alikamatwa palepale, amekaa kwenye ngazi za duka.

Siku iliyofuata Dorika alikwenda polisi akaeleza yote, pamoja na la sokoni. Askari aliandika, akamtazama, akamwambia hajui ampe kosa gani.

Mama Kasiani alihamishiwa hospitali ya Ndanda, mkono ukaondolewa huko. Siku ya tisa Dorika aliingia wodini akakaa kwenye sakafu kando ya kitanda.

"Mkono ule ndio niliogeuzia watoto tumboni," alisema mkunga. "Ulikuwa unajua, ukaniacha nikatwe."

"Ndiyo, mama."

"Na yule wa dukani?"

"Naye pia."

Mama Kasiani aligeukia ukutani.

"Hiyo dawa yako, bado utaitengeneza?"

"Sijui, mama."

"Utaitengeneza. Kila mwezi wanawake wanakufa kwa damu ya uzazi huko vijijini, na mimi sina mkono wa kuchimba. Mwanangu Kasiani atakuonyesha mahali. Lakini nyumbani kwangu usikanyage tena."

Dorika aliitikia. Alibaki pale sakafuni mpaka muuguzi alipokuja kubadilisha bandeji, akaambiwa apishe, akatoka.