Verlin Hruska wa Pili

Marge Pospisil alibonyeza kitufe, akangoja, kisha akaishusha miwani yake hadi ncha ya pua.

"Verlin, imerudi."

"Nini kimerudi?"

"Ritani yako ya kodi. Kompyuta inasema umeshaiwasilisha. Tarehe ishirini na tisa Januari."

"Marge, tarehe hiyo nilikuwa nazoa theluji mlangoni. Ndiyo kwanza leo naileta."

Marge alikuwa mwalimu mstaafu. Kila Februari alijitolea kukaa na wenzake kwenye chumba cha nyuma cha maktaba, wakiwajazia wazee wa mji fomu za kodi bila malipo. Alirudia tena, polepole, akiisoma nambari ya hifadhi ya jamii ya Verlin, ile anayotambuliwa nayo na serikali, tarakimu moja moja. Jibu likawa lile lile.

"Kuna mtu ametumia nambari yako," alisema. "Amejaza kodi kwa jina lako. Sasa kuna Verlin Hruska wa pili."

"Huyo wa kwanza tu anamtosha mke wangu," Verlin akasema, lakini hakucheka.

Alikuwa na miaka sabini na sita. Alikuwa fundi mitambo wa kiwanda cha nafaka tangu ujana wake hadi alipostaafu, na katika miaka yote hiyo ritani yake haikupata kupita wiki ya kwanza ya Februari. Majirani walimtania kwamba anaipeleka kodi kabla serikali haijaiomba. Yeye aliona fahari.

Safari hii si fahari tu iliyomharakisha. Mkewe Lorene alipata kiharusi miaka mitatu iliyopita, na nyumba yao ilikuwa na choo kimoja tu, nacho kiko ghorofani. Kila alipotaka kwenda, alipanda ngazi akishika ukuta, Verlin nyuma yake, mikono miwili mgongoni mwake, akimwomba Mungu goti lake mwenyewe lisimsaliti. Walikuwa wameandikisha majina kwenye jumba la wazee la Elm Court, ambako kodi ya pango ni nafuu kwa wenye kipato kidogo. Baada ya miaka miwili ya kusubiri, ilipatikana nyumba namba nne, ya chini, choo hatua sita kutoka kitandani. Msimamizi, Curtis Abel, alitaka kitu kimoja: rekodi ya kipato chao kutoka ofisi ya kodi, kabla ya mwisho wa Februari. Isipofika, nyumba inakwenda kwa anayefuata.

Verlin alipiga simu ofisi ya kodi siku tatu mfululizo. Alisikiliza muziki hadi akaujua wote, mpaka mahali unapokwaruza. Siku ya nne alipewa miadi, akaendesha gari saa mbili kwenye barabara yenye barafu, akiwa amebeba bahasha yenye leseni ya udereva, hati ya kuzaliwa, cheti cha ndoa na bili ya umeme.

Mama aliyempokea dirishani, jina lake Okerlund, alivikagua vyote mbele na nyuma.

"Mimi ndiye?" Verlin akauliza.

"Mpaka sasa ndiwe, mzee." Aligeukia kompyuta yake. "Siruhusiwi kukuchapia hii, lakini nitakusomea. Mwaka jana ulifanya kazi kwenye machinjio ya kuku, jimbo lingine. Umelipwa dola elfu hamsini na nane. Una watoto wawili wadogo."

"Watoto! Mama, tafadhali usimpigie mke wangu simu."

Okerlund alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyekwisha kusikia mizaha yote ya aina hiyo. Akamuuliza nambari yake imewahi kuonekana na nani. Benki, hospitali, popote.

Verlin alifikiri. Ghafla akazikumbuka spana zake.

Miaka ya sabini polisi wa wilaya walikuwa wakiazimisha kalamu za umeme za kuchonga chuma. Walihimiza kila mtu achonge nambari yake ya hifadhi ya jamii kwenye mali yake, ili ikiibwa ijulikane ni ya nani. Verlin hakuwa mtu wa kufanya jambo nusu. Alichonga spana zote, nyundo, jiliwa, hata mashine ya kukatia majani. Tarakimu zote tisa, kwa mwandiko mzuri. Na kiangazi kilichopita, akijiandaa kuhamia Elm Court, alivipanga vyote mbele ya gereji na kuviuza kwa yeyote aliyepita.

"Uliiuza pamoja na spana," Okerlund alisema alipokwisha kumsikiliza.

"Dola mbili kila moja."

"Baba yangu naye alichonga. Mpaka kwenye redio." Akagonga muhuri. "Labda ni hapo. Labda ni hospitali. Hutakuja kujua, mzee, na usijitese kwa hilo. Jaza hati hii ya kiapo. Hii ni nakala yako, kwamba umelalamika."

"Rekodi yangu itachukua muda gani kusafishwa?"

"Mwaka. Pengine zaidi."

Curtis Abel aliisoma nakala ile mara mbili, amesimama.

"Nakuamini, Verlin. Nakujua tangu mwanangu akicheza besiboli na wako. Lakini ile ruhusa uliyosaini, ya kuomba rekodi yako ofisi ya kodi, nimeshaitumia, rekodi imekuja. Elfu hamsini na nane. Kikomo ni thelathini na nane. Wakaguzi wakija, watasoma karatasi, hawatakusoma wewe."

"Nikuletee cheki za pensheni? Ritani za miaka ishirini ninazo, zimepangwa."

"Najua zimepangwa. Nilishawauliza wakubwa zangu leo asubuhi. Wamekataa."

Verlin alitazama mikono yake. Hakuwahi kumbembeleza mtu, na sasa alipotaka kubembeleza hakujua maneno yanaanzia wapi.

"Curtis. Ni kwa ajili ya choo tu."

"Najua, kaka." Curtis akasukuma fomu juu ya meza, bila kumtazama usoni. "Saini hapa kwamba umeiachia nyumba. Ukisaini, nitakubakiza wa kwanza kwenye orodha. Usiposaini, utaanza upya nyuma kabisa."

Verlin alisaini. Akatoa leseni yake, kuthibitisha kuwa ni yeye, na kuiweka juu ya karatasi.

"Hapana, rudisha," Curtis akasema. "Kwa hii haihitajiki."

Nyumbani Lorene alikuwa amekaa ukingoni mwa kochi, koti limefungwa vifungo vyote, kama mtu anayengoja kuchukuliwa.

"Ehe?"

"Mwakani. Wa kwanza kwenye orodha."

Lorene alifungua kifungo cha juu cha koti. Kisha akanyoosha mkono ule mzima.

"Basi ninyanyue, Verlin. Nimejizuia tangu saa nne."

Wakaanza kupanda, yeye mbele, Verlin nyuma. Katikati wakasimama, wote wawili wakihema, na hakuna aliyemharakisha mwenzake.